Kuuliza si Umbea



Leo naanza na tangazo. Si la kituo chetu, ni la shule moja ya sekondari huko Japani. Vipindi vya siku vimekwisha, wanafunzi wametawanyika kwenye klabu zao, mara kipaza sauti kinakohoa. Naibu mkuu wa shule anamtaka yeyote aliyenunua kitu tarehe 31 Oktoba katika duka fulani lililo mbele ya stesheni, afike kwake haraka katika chumba cha walimu. Kisha kimya. Tangazo halirudiwi.

Sisi watu wa redio tunaijua hatima ya matangazo: huingia sikio hili yakatokea la pili. Lakini katika chumba kimoja cha shule hiyo wamekaa vijana wawili. Msichana, Chitanda Eru, alikuwa akimsifu mwenzake kwa akili ya kufumbua mambo. Mvulana, Oreki Hotaro, anazikataa sifa. Anasema ni bahati tu, na kwamba mtu akitaka, anaweza kulishonea maelezo jambo lolote lile. Basi, anamwambia msichana, nipe chochote nikushonee. Na chochote chenyewe ndicho hicho kipaza sauti kilichosema sasa hivi.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kwa nini tangazo limesomwa mara moja tu, wakati kawaida ni mara mbili? Msomaji ana haraka. Kwa nini amesema tarehe 31 Oktoba, na siku yenyewe ilikuwa jana? Angesema jana. Basi huenda anasoma maandishi ya mtu mwingine, pengine barua. Nani anayemwandikia mwenye duka barua akataja siku aliyonunua kitu? Labda mtu aliyejuta. Anajutia nini? Hatua kwa hatua, kutoka sentensi moja iliyosomwa kwa haraka, vijana hawa wanafika kwenye noti bandia. Na wakifika huko, wamekwisha kusahau kilichowaanzisha safari.

Sehemu nzima ya mchezo ni hiyo. Watu wawili, chumba kimoja, dirisha, na maneno. Ningekuwa na waigizaji wawili hapa studio, ningeirusha hewani bila picha hata moja. Wanaosoma hadithi za upelelezi watakumbuka kwamba mbinu hii ina babu yake: Mmarekani Harry Kemelman alichapa mwaka 1947 hadithi fupi ya profesa anayechukua sentensi moja tu kuhusu kutembea maili tisa, akaichambua mpaka ikamfikisha kwenye mauaji. Wajapani wameirithi, wakaivalisha sare za shule.

Mchezo wenyewe unaitwa Hyouka. Ni anime, yaani katuni ya Kijapani, yenye sehemu 22, iliyotengenezwa na studio ya Kyoto Animation na kuonyeshwa kwenye televisheni za Japani kuanzia Aprili hadi Septemba mwaka 2012. Imetokana na riwaya za mwandishi Yonezawa Honobu, aliyezaliwa mwaka 1978. Riwaya ya kwanza, iliyoipa anime jina lake, ilitoka mwaka 2001. Mji wa hadithi unaitwa Kamiyama, lakini kila shabiki anajua kwamba ni Takayama, katika mkoa wa milima wa Gifu, mji wa nyumba za mbao za kale na mto unaopita katikati. Shule iliyochorwa ni sura ya Shule ya Sekondari ya Hida, alikosoma mwandishi mwenyewe.

Niwatambulishe wenyeji wa hadithi. Oreki ni mvivu wa kujivunia. Kanuni yake maishani ni kwamba asilolazimika kulifanya halifanyi, na analolazimika kulifanya huliharakisha aketi. Dada yake, aliye safarini India, anamwandikia barua akimwamuru ajiunge na Klabu ya Fasihi ya Kale, maana klabu imebaki bila mwanachama na itafutwa. Anajiunga akidhani chumba kitakuwa kitupu, apate pa kulala. Anamkuta Chitanda, binti wa ukoo mkubwa wa wakulima, msichana mpole mwenye macho makubwa ambayo yakishakutana na jambo lisiloeleweka hayakubali kupepesa. Ana msemo wake wa Kijapani ambao mimi ningeufasiri kwa Kiswahili chetu: roho haitulii. Baadaye wanaingia wengine wawili. Fukube Satoshi, rafiki wa Oreki, kichwa kilichojaa habari za kila aina, ambaye mwenyewe anasema yeye ni ghala tu, kutoa hukumu hawezi. Na Ibara Mayaka, mchora katuni mwenye ulimi mkali, asiyesamehe makosa ya wengine na asiyejisamehe yake.

Sasa, mtu akisikia upelelezi anatafuta maiti. Hyouka haina maiti. Mtu kafungiwa vipi ndani ya chumba bila kujua? Kwa nini mwalimu wa hesabu amekuja juu darasani kwa kosa ambalo si la wanafunzi? Kwa nini kitabu kimoja kikubwa cha historia ya shule kinaazimwa maktaba kila Ijumaa mchana na kurudishwa siku hiyo hiyo, kila wiki na msichana mwingine?

Wajapani wana jina la aina hii ya hadithi: mafumbo ya kila siku. Aliyeifungua njia hiyo ni Kitamura Kaoru, mwalimu wa sekondari ambaye mwaka 1989 alitoa kitabu chake cha kwanza, ambamo mwanafunzi wa chuo kikuu humpelekea mafumbo madogo msimulizi wa rakugo, ile sanaa ya Kijapani ya mtu mmoja kuketi jukwaani na kusimulia. Moja ya visa vyake ni wasichana walioketi mgahawani wakijaza sukari kwenye chai, kijiko baada ya kijiko. Kwa nini wanafanya hivyo? Hilo ndilo fumbo lote.

Sisi nasi tuna mpelelezi wetu, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mtu wa Unguja na kiko chake, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 na Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana Msa na Oreki wana ukoo mmoja, kwa upande wa Sherlock Holmes. Lakini Bwana Msa huitwa kukiwa na maafa. Oreki huitwa kukiwa na jambo dogo ambalo mtu mwingine angelipita. Na hapo ndipo swali langu la leo lilipozaliwa. Nilipomsimulia jamaa yangu mmoja habari za msichana huyu asiyetulia mpaka ajue mwalimu kakasirikia nini na wasichana wanaazima kitabu cha nini, alinikata kauli. Akasema: huyo si mpelelezi, huyo ni mmbea.

Nilicheka, lakini neno lile likanikaa. Kwetu, kutaka kujua ya watu si sifa. Mtoto akiuliza sana anaambiwa ana macho ya pembeni. Tuna methali isemayo kuuliza si ujinga, na bado mtu anayeuliza habari ya jirani tunamwita mmbea papo hapo. Basi mpaka uko wapi kati ya udadisi na umbea? Nimeitazama Hyouka mara ya pili nikiwa na swali hilo mkononi, na naona mchezo mzima ni jibu lake.

Nitoe kwanza mfano wa mtaani. Mama mmoja anaonekana alfajiri akitoka kwake na begi. Kufika saa nne, kaachika. Kufika adhuhuri, inajulikana na sababu ya talaka. Kufika alasiri, mume kashapewa mke mwingine. Magharibi mama anarudi, begi mkononi, uso wa furaha: alikuwa hospitali, mdogo wake kajifungua. Katika mtaa mzima uliokuwa na habari zake siku nzima, hakuna aliyemwuliza. Tazama hapo: mmbea haulizi. Watu humlaumu kwa maswali, na kumbe dhambi yake ni majibu.

Chitanda anafanya kinyume chake. Yeye ana swali tu. Kile kitabu cha Ijumaa kinampeleka hatua moja moja: wanaoazima ni watu watano, kitabu ni kizuri kwa sura, kina harufu ambayo pua yake kali inainasa, na mchana wa Ijumaa kuna vipindi vya sanaa. Kumbe kitabu hakisomwi. Kinashikwa na msichana anayekaa ili achorwe picha, na ile harufu ni ya rangi. Wanakwenda kwenye chumba cha sanaa, wanaziona picha, roho inatulia. Hakuna aliyeaibishwa wala aliyepoteza chochote.

Lakini Chitanda ana swali jingine lililo zito kuliko la kitabu, na ndilo lililomleta kwenye klabu ile. Alipokuwa mdogo alikuwa na mjomba, Sekitani Jun, aliyempenda sana na kumjibu kila alichouliza. Siku moja alimwuliza kuhusu kijitabu cha zamani cha Klabu ya Fasihi ya Kale. Mjomba alimjibu, na jibu lile lilimliza. Anachokumbuka ni machozi, maneno hayakumbuki. Mjomba akaja kupotea ng'ambo. Sasa miaka 7 inatimia, na kwa sheria ya Japani mtu aliyepotea miaka hiyo huweza kuhesabiwa marehemu. Chitanda anataka kulikumbuka lile jibu kabla ya mazishi yasiyo na maiti.

Vijana wanne wanakusanyika nyumbani kwake, kila mmoja na karatasi yake ya zamani. Mmoja ameleta kijitabu, mwingine gazeti la shule, mwingine historia rasmi. Wanaparamia miaka ya 1960, wakati wanafunzi wa Japani walipokuwa wakigombana na wakubwa. Oreki anaviunganisha vipande. Shule ilitaka kulipunguza tamasha la utamaduni la wanafunzi. Wanafunzi wakasimama, wakiongozwa na Sekitani. Tamasha likaokolewa, naye akafukuzwa shule, shujaa mpole aliyejitoa kwa ajili ya wenzake. Kila karatasi imeingia mahali pake. Hadithi nzuri, imekamilika, wangeweza kunywa chai na kwenda zao.

Chitanda anauliza neno moja. Kama ni hivyo, kwa nini nililia?

Msikilizaji, swali hilo limeibeba anime nzima. Maelezo yamekwenea kwenye karatasi zote, na hayakwenei kwenye machozi ya mtoto mmoja. Mtu mwingine angesema machozi ya mtoto si ushahidi. Hawa wanayahesabu. Wanarudi, wanagundua kwamba aliyeandika dibaji ya kijitabu kile bado yupo hai na yupo karibu: ni mwalimu wao wa maktaba, ambaye siku zile alikuwa mwanafunzi. Siku zote wanapishana naye kwenye rafu za vitabu.

Naye anawaambia. Sekitani hakuwa kiongozi. Uongozi ulimwangukia kwa sababu waliouwasha moto hawakutaka majina yao yawe juu. Katika fujo zile likaungua jengo la michezo ya kujihami, na shule ikahitaji mtu wa kuadhibiwa. Tamasha lilipokwisha salama na hasira kupoa, kijana yule akaitwa peke yake, akafukuzwa, na wenzake hawakunyanyua sauti. Baadaye wakampa heshima ya jina: herufi za jina lake, Sekitani, zikisomwa kwa namna nyingine hutamkwa Kanya, na tamasha mpaka leo linaitwa tamasha la Kanya. Walimfanya shujaa ili wasimwite kafara.

Jalada la kijitabu kile lina mchoro wa mbwa na sungura wameng'atana, na kundi la sungura wamewazunguka wakitazama. Katika ngano zetu sungura ndiye mjanja wa kila hadithi. Katika mchoro huu ujanja wake ni kukaa pembeni.

Na jina la kijitabu? Hyouka, kwa Kijapani, ni kitu kitamu kilichogandishwa. Aiskrimu. Wanafunzi wote walilipita jina hilo wakidhani ni upuuzi wa vijana. Mimi na wewe tunalo neno hilo hilo, tulilichukua katika Kiingereza kama Wajapani nao walivyolichukua. Sasa litamke polepole, likate vipande viwili: ai, skrimu. Kwa Kiingereza, umesema: napiga mayowe. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwa kijana Sekitani. Alipokosa wa kumsikia, aliyaficha mayowe yake katika jina la kitu cha watoto, akawaachia wadogo zake wa klabu walitumie kila mwaka. Na alichomwambia Chitanda mdogo, kwa maana yake, ni kwamba awe na nguvu, kwa sababu dhaifu hufika siku ambayo hata kupiga kelele hawezi. Ndipo mtoto akalia.

Kwa mtu mzima kusikia hilo katika katuni ya watoto wa shule, si jambo dogo. Ni wangapi katika koo zetu na vyama vyetu tuliowapa majina ya heshima baada ya kuwanyamazia?

Oreki hapa amesaidiwa na Chitanda. Safari ya pili anakwenda peke yake, na anaanguka. Wanafunzi wa mwaka wa juu yake wanatengeneza filamu ya upelelezi kwa ajili ya tamasha. Mwandishi wao, msichana aitwaye Hongo, inasemekana ameugua kabla ya kumaliza. Filamu imekomea pale ambapo mtu ameuawa ndani ya chumba kilichofungwa, na muuaji hajulikani. Binti mmoja mwerevu, Irisu, ambaye wenzake humwita malkia, anamwita Oreki na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wewe si wa kawaida, una kipawa. Mvivu wetu anavimba kichwa. Anatoa jibu la kung'aa: muuaji ni yule aliyeshika kamera, mtu ambaye watazamaji walimsahau kwa sababu haonekani. Filamu inamalizwa, ukumbi unapiga makofi.

Kisha marafiki zake watatu wanamjia, mmoja mmoja, kila mmoja na shaka yake. Ibara anauliza: ile kamba ambayo mwandishi alisisitiza iandaliwe, imekwenda wapi? Fukube anasema: mwandishi yule alijifunza upelelezi kwa kusoma Sherlock Holmes, hila ya namna hiyo ameitoa wapi? Na Chitanda, ambaye filamu haikumsumbua hata kidogo, anasumbuliwa na Hongo mwenyewe. Yukoje? Kwa nini asiulizwe? Na kama hawezi kuulizwa, ana rafiki wa karibu, Eba. Kwa nini hakuna aliyemwuliza Eba?

Oreki anakaa na hilo mpaka linamchoma. Amefumbua filamu, amemsahau mwandishi. Anarudi kwenye vitabu ambavyo Hongo alivitia alama, anaona kwamba hadithi zenye mwisho wa huzuni hakuzipenda. Hongo hakuandika kifo. Katika hadithi yake mtu alijeruhiwa tu. Wenzake walipokuwa wakipiga picha walinogewa, wakamwaga rangi ya damu, wakamuua mtu asiyestahili kufa, na yeye hakuwa na moyo wa kuwaambia. Irisu alimwita Oreki afunike aibu ile kwa kutoa mwisho mwingine. Jibu la kung'aa lilikuwa kifuniko.

Wale wanaopenda Agatha Christie wataiona heshima aliyopewa katika jina la kisa hicho, maana ana riwaya ambayo jina lake ni swali la kwa nini hawakumwuliza mtu fulani. Kwangu mimi, hilo swali la Eba ndilo chujio la umbea. Kila hadithi ya mtu ina Eba wake, yule ambaye angeweza kutuambia ukweli kwa dakika tano. Na sisi humzunguka Eba siku nzima, kwa sababu tukimwuliza hadithi itapungua utamu.

Je, Oreki alijifunza? Tunaliona katika kisa kimoja kidogo kinachokuja baadaye, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Helikopta inapita. Oreki anakumbuka mwalimu wao wa Kiingereza wa shule ya kati, Ogi, ambaye siku moja helikopta ilipopita aliacha kufundisha akakimbilia dirishani, akawaambia wanafunzi kwamba anazipenda helikopta. Wenzake wanashangaa, kwa kuwa helikopta nyingine zilipita na mwalimu hakugeuka. Wanacheka, wanataja visa vyake vingine, eti radi imempiga mara tatu. Yangeishia hapo. Lakini yule mvivu, asiyenyanyua mguu bila kulazimishwa, jioni hiyo anajipeleka maktaba kufungua magazeti ya zamani. Chitanda anashangaa mpaka anamfuata.

Gazeti linasema kwamba siku zile kulikuwa na watu wa kupanda milima waliopotea, na hali ya hewa ilizuia helikopta ya uokoaji kuruka. Ogi alikuwa mpanda milima, na waliopotea ni wenzake. Hakukimbilia dirishani kwa mapenzi ya helikopta. Alikwenda kuitazama mbingu kama imefunguka, na akawaficha watoto. Wenzake hawakuokolewa. Kwa nini umehangaika hivi, Chitanda anamwuliza. Oreki anajibu kwamba angeweza siku moja kukutana na mwalimu akamtania kuhusu helikopta, na ingekuwa ni kumkosea adabu bila kujua.

Kwa hiyo amekwenda maktaba ili asimdhulumu mtu kwa mzaha. Naomba kisa hicho kisomwe katika kila baraza.

Mpaka wa pili kati ya udadisi na umbea unakuja katika sehemu ya mwisho. Ni Aprili, sikukuu ya wanasesere, na katika kijiji cha akina Chitanda watu hai huvaa mavazi ya wanasesere wa kifalme wakaandamana. Si jambo la kubuni: Takayama wanayo sikukuu hiyo katika hekalu la Minashi. Chitanda amevaa kama malkia, Oreki ameshikishwa mwavuli nyuma yake. Daraja la njia ya kawaida limefungwa ghafla, maandamano yanalazimika kuzunguka, na wazee wa pande mbili za mto nusura wagombane. Kuna mtu aliyepiga simu kuharibu mpango. Jioni wawili hawa wanabaki peke yao, kila mmoja anaandika jibu lake kwenye kiganja, wanafungua viganja kwa pamoja: jibu ni moja. Ni kijana mpenda picha, aliyetaka maandamano yapite chini ya mcheri uliokuwa umechanua. Wanajua. Na hawamtangazi. Viganja vinafungwa, wanaendelea kutembea, Chitanda akimwonyesha mwenzake mashamba ambayo atarudi kuyatunza popote atakapokwenda kusoma.

Mmbea angelijua hilo, mpaka usiku kijiji kizima kingekuwa nalo.

Mimi ni mtu wa sauti, kwa hiyo lazima nizitaje: Nakamura Yuichi anamsemea Oreki kwa uzito wa mtu aliyeamka sasa hivi, na Sato Satomi anampa Chitanda sauti ya heshima hata anapomng'ang'ania mwenzake. Picha nazo zinasema. Chitanda anapouliza swali la kwanza, nywele zake zinakua na kuchanua maua, zinamzonga Oreki asiweze kutoka. Fikra ya mtu haiwezi kupigwa picha, lakini hawa waliipiga.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Takemoto Yasuhiro. Aliyewabunia wahusika sura zao kwa ajili ya uchoraji ni Nishiya Futoshi. Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliingia katika jengo la studio ya Kyoto Animation, wilaya ya Fushimi mjini Kyoto, akamwaga petroli na kuwasha. Watu 36 walikufa. Takemoto, umri wa miaka 47, na Nishiya, miaka 37, walikuwa miongoni mwao. Mtu yule aliamini kwamba studio ilikuwa imemwibia hadithi aliyoipeleka kwenye mashindano yake. Studio ilisema hadithi hiyo ilikuwa imeondolewa mapema, na hakuna kilichofanana. Januari 2024 mahakama ya Kyoto ilimhukumu kifo.

Sitaki kuufanya msiba huo kuwa mfano wa mahubiri yangu. Nasema tu kwamba watu waliomchora kijana anayekwenda maktaba kuhakikisha kabla ya kusema, waliuawa na mtu aliyekuwa na jibu bila kuhakikisha.

Yonezawa bado anaandika. Januari 2022 alitunukiwa Tuzo ya Naoki, moja ya tuzo kubwa za fasihi Japani, kwa riwaya ya upelelezi iliyowekwa katika ngome ya zama za vita. Mfululizo wake mwingine wa wanafunzi, ule wa vijana wawili wanaojitahidi kuwa watu wa kawaida na kushindwa, nao umefanywa anime mwaka 2024. Anime ya Hyouka haijapata msimu wa pili, ingawa vitabu vimeendelea. Kilichopo kinatosha.

Basi nimrudie yule jamaa yangu. Alisema Chitanda ni mmbea. Nimemtafuta nimpe jibu: mdadisi huanza na swali na mmbea huanza na jibu. Mdadisi huhesabu hata machozi, mmbea huyaruka. Na mdadisi akishajua, anaweza kukunja kiganja.

Wewe uliye na habari ya mtu ulimini sasa hivi, na redio ikizimwa unamgeukia jirani yako uianze, ngoja kidogo. Umemwuliza Eba?